Kinywa cha Mbwa wa Nyumbani: Namna ya Kutunza Meno Yake, na Wakati wa Kutoingiza Mkono

Katika Kata ya Malangali, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Manispaa ya Sumbawanga, mbwa hafugwi kwa anasa. Anafugwa alinde. Hulala uani karibu na ghala la mahindi, hufuatana na vijana machungani, na katika usiku wa baridi ya mwezi Juni, watu wote wakiwa wamejifunika mablanketi, yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba nyuma ya nyumba kuna mgeni. Kazi hiyo yote huifanya kwa pua, masikio na kinywa. Hata hivyo, kinywa ndicho kiungo ambacho wenye mbwa wengi hawajawahi kukitazama hata mara moja, mpaka siku kinapoanza kutoa harufu.

Somo hili linahusu usafi na afya ya meno ya mbwa. Linahusu pia jambo la pili lisiloweza kutenganishwa na hilo la kwanza. Mbwa mwenye maumivu ya kinywa na mbwa mwenye ugonjwa wa kichaa huweza kufanana sana machoni pa mtu, na kosa la kuwachanganya limewahi kuua mbwa wasio na hatia, na limewahi kuua watu. Kwa sababu hiyo tunaanza na sharti moja: mbwa ambaye hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa asiguswe kinywa. Chanjo kwanza, mswaki baadaye. Mbwa huchanjwa anapofikisha umri wa miezi 3, kisha chanjo hurudiwa kwa ratiba atakayoelekeza Afisa Mifugo, kwa kawaida kila mwaka.

Yaliyomo kinywani

Mtoto wa mbwa huanza kuota meno akiwa na umri wa wiki 3 hivi, na kufikia wiki ya 8 huwa na meno ya utoto 28. Meno hayo ni membamba na makali kama sindano, jambo ambalo mama yake hulijua vizuri kuliko sisi. Kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 huanza kung'oka yenyewe, na anapofikisha miezi 7 mbwa huwa amekamilisha meno ya ukubwani 42: juu 20 na chini 22. Mbele yapo meno madogo 6 kila taya, ambayo hutumika kung'ata nyama kidogo kidogo na kujikuna viroboto. Pembeni yake yapo machonge 2 kila taya, ambayo ndiyo silaha. Nyuma yapo magego, na katika hayo lipo gego moja kubwa la juu kila upande, linalokutana na lenzake la chini kama makali mawili ya mkasi. Hilo ndilo linalokata ngozi na kuvunja mfupa. Msomaji alikumbuke gego hilo, kwa maana matatizo mengi huanzia kwake.

Wakati mwingine jino la utoto hukataa kung'oka, na chonge jipya huota kando yake. Mkazi akiona machonge mawili yamebanana mahali pamoja kwa mbwa wa miezi 7 au zaidi, ampeleke kwa mtaalamu. Chakula hukwama katikati yake na kuoza.

Wengi hudhani kwamba mbwa huugua meno kama binadamu, yaani jino hutoboka. Hilo hutokea kwa nadra. Mate ya mbwa hayana uchachu unaolainisha jino, na meno yake mengi yamechongoka na kuachana, hivyo vijidudu havipati mashimo mengi ya kukaa. Lakini mate hayo hayo yenye kumkinga na matundu ndiyo yanayomletea ugaga kwa haraka. Mwenendo wake ni huu: baada ya mbwa kula, utando laini wa vijidudu hutanda juu ya meno ndani ya siku moja. Utando huo ungeweza kufutwa kwa kitambaa. Usipofutwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha, na baada ya siku chache huwa ugaga mgumu wa rangi ya njano au kahawia ambao hakuna mswaki utakaouondoa. Juu ya ugaga hutanda utando mwingine. Vijidudu hushuka chini ya ufizi, ufizi huvimba na kuwa mwekundu, kisha huachana na jino, na mfupa unaolishika jino huanza kuliwa taratibu. Mbwa wengi waliopita umri wa miaka 3 huwa na ugonjwa huo wa fizi kwa kiwango fulani. Harufu tunayoiita "harufu ya mbwa" mara nyingi siyo harufu ya mbwa, bali ni ya ugonjwa.

Ipo sababu nyingine ya meno mabovu ambayo haitokani na uchafu. Mtoto wa mbwa akiugua distempa kabla meno ya ukubwani hayajaota, na akabahatika kupona, meno hayo huweza kutoka yakiwa na vishimo na madoa ya kahawia, kwa kuwa tabaka gumu la nje halikujengeka ipasavyo. Distempa si ugonjwa mdogo. Mwaka 1994 virusi vyake viliingia katika Hifadhi ya Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba, na watafiti walivihusisha na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Chanjo yake ipo, nayo ni tofauti na ile ya kichaa. Mfugaji amwulize Afisa Mifugo.

"Mbona anakula?"

Hilo ndilo jibu ambalo wenye mbwa hulitoa wanapoambiwa kwamba mnyama wao anaumwa jino. Tuliangalie kwa makini. Mbwa wa huku kwetu hula ugali uliobaki, ukoko uliolowekwa, vichwa vya dagaa na mchuzi. Chakula hicho hakihitaji kutafunwa, mbwa hukimeza. Mbwa mwenye jino lililopasuka mpaka kwenye neva atamaliza sahani nzima ya ugali na kulamba ukingo. Kula kwake kunathibitisha kwamba ana njaa. Hakuthibitishi kwamba kinywa ni kizima.

Dalili za kweli ni nyingine: harufu kali, kutafuna kwa upande mmoja, kudondosha mfupa na kuuokota tena mara kadhaa, damu kwenye kitu alichokuwa akikitafuna, kukataa kushikwa kichwa, na ukali mpya kwa mbwa aliyekuwa mpole, hasa kwa watoto wanaomkumbatia shingoni. Dalili hiyo ya mwisho isipuuzwe. Mtoto humgusa shavu, mbwa huumia na kung'ata, kisha hukumu hutolewa kwamba mbwa ameharibika tabia.

Mwandishi wa makala haya alilelewa katika nyumba yenye mbwa ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumwinua mdomo. Siku moja alivimba chini ya jicho. Wazee walisema ameumwa na nyuki, akaoshwa kwa maji ya chumvi. Uvimbe ukapasuka, ukatoa usaha, ukapona. Baada ya mwezi ukarudi mahali pale pale, na mara ya tatu ndipo alipoitwa mtaalamu, ambaye aliinua mdomo wa juu kwa kidole kimoja na kutuonyesha lile gego kubwa likiwa limepasuka kati. Mizizi yake ipo karibu kabisa na eneo la chini ya jicho, na usaha wake hutokea hapo. Basi uvimbe wa chini ya jicho unaopona na kurudi uhesabiwe kuwa ni wa jino mpaka ithibitike vinginevyo.

Chakula, mifupa na magunzi

Kabla ya mswaki, tuseme juu ya vitu tunavyowatupia. Mfupa uliopikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha; hujeruhi fizi na koo, na mifupa migumu ya miguu ya ng'ombe huvunja gego. Mifupa ya kuku iliyochemshwa au kuchomwa ni mibaya zaidi. Gunzi la mahindi, ambalo katika nchi yetu ya mahindi halikosekani uani, lisitupwe kwa mbwa kamwe. Mbwa hupenda utamu na mafuta yaliyoshikamana nalo, hulimeza kwa vipande vikubwa, na kwa kuwa halimeng'enyeki tumboni, hukwama katika utumbo. Tiba yake ni upasuaji, au kifo. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji kutoka machinjioni yasipewe mbwa, kwa maana humpatia minyoo ya tegu ambayo mayai yake yakimfikia binadamu humletea uvimbe wa maji ndani ya ini na mapafu.

Kilicho salama zaidi ni kitu kigumu kiasi cha kusugua meno lakini kinachobonyea kwa ukucha wa kidole gumba. Kano na koromeo la ng'ombe, vikichemshwa kwanza na kupoa, hufaa, mradi mtu awe karibu wakati mbwa anatafuna. Karoti mbichi pia hufaa, ingawa mbwa wengine huitazama kwa dharau. Maji safi yawepo muda wote.

Mnyororo nao una lake. Mbwa anayefungwa mchana kutwa huutafuna mnyororo au vyuma vya banda kwa kuchoka na kukaa bure, na machonge yake husagika mpaka nusu. Mbwa wa namna hiyo hana silaha tena, naye mwenye nyumba hajui.

Namna ya kusafisha

Aanzwe akiwa mdogo, hata kabla meno ya ukubwani hayajaota, ili azoee. Mbwa mzima anaweza kufundishwa, lakini kwa subira ya wiki kadhaa.

Ichaguliwe saa ambayo mbwa ametulia, kwa mfano jioni baada ya kula. Anayemsafisha awe yule anayemlisha, si mtoto wala mgeni. Akae ubavuni mwa mbwa, si mbele yake, kwa maana mbwa huona mtu aliyemwinamia usoni kuwa ni tishio. Siku 3 au 4 za kwanza asifanye lolote zaidi ya kumpapasa mashavu na midomo kwa nje, kisha ampongeze. Siku zinazofuata ainue mdomo wa juu upande mmoja kwa kidole gumba, atazame meno kwa muda mfupi, amwachie. Mbwa akinguruma au akikaza mwili, mtu aache, na kesho arudi hatua moja nyuma. Hakuna haja ya kufungua taya. Upande wa nje wa meno ndio unaoshika ugaga mwingi. Upande wa ndani husaidiwa na ulimi.

Baada ya hapo azungushe kitambaa safi cha pamba kwenye kidole cha shahada, akiloweke katika maji, na kupangusa meno pale yanapokutana na ufizi. Mbwa anayekataa ladha ya kitambaa anaweza kushawishiwa kwa mchuzi usio na chumvi wala vitunguu. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Akishazoea kitambaa, ndipo mswaki laini wa mtoto utumike. Mswaki uelekezwe kwa mshazari kwenye mstari wa ufizi, na uzungushwe mizunguko midogo midogo. Aanze na lile gego kubwa la juu, kwa maana mfereji wa mate hufungukia karibu nalo na ugaga huanzia hapo. Amalizie na machonge. Kazi nzima haizidi dakika 2. Damu kidogo siku za mwanzo ni dalili ya fizi zilizovimba, na kwa kawaida hupungua kadiri usafi unavyoendelea. Damu inayozidi ni ya kumpeleka mbwa kwa mtaalamu.

Ni mara ngapi? Kila siku, kwa sababu utando hurudi kila siku. Asiyeweza, afanye mara 3 kwa wiki. Anayesafisha mara moja kwa mwezi anajisumbua na kumsumbua mbwa bure, kwa kuwa ugaga umeshaganda kabla hajarudi. Mswaki wa mbwa uwekwe mbali na miswaki ya familia, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Sasa juu ya dawa ya meno. Dawa yetu sisi binadamu isitumike. Sisi husukutua na kutema; mbwa humeza yote. Floraidi na povu huchafua tumbo lake, na baadhi ya dawa hizo zina kiungo cha utamu kiitwacho zailitoli, ambacho kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini. Majivu, mchanga na mkaa uliosagwa navyo viachwe, kwa maana huchubua tabaka la nje la jino. Zipo dawa za meno zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, lakini asiyezipata asione kwamba ameshindwa: kinachoondoa utando ni kusugua. Maji yanatosha.

Ugaga ulioganda usikwanguliwe kwa kisu wala msumari. Jino litang'aa kwa wiki mbili, lakini mikwaruzo iliyoachwa itashika uchafu kwa kasi zaidi, na ule wa chini ya ufizi, ambao ndio wenye madhara, utabaki. Wala jino lisilegezwe kwa koleo. Magego makubwa yana mizizi 2 au 3, na mzizi ukikatika ndani ya taya hubaki ukioza. Kusafisha ugaga na kung'oa jino hufanywa mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeiweka kazi ya tiba ya wanyama mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama. Koleo kwenye kinywa cha mbwa aliyefungwa kamba ni mateso, hata kama nia ilikuwa njema.

Taya lililolegea na udenda unaotiririka

Tumefika kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni. Mbwa anaonekana uani, mdomo wazi, udenda unatiririka, hawezi kula wala kunywa. Mwenye nyumba husema: amekwamwa na mfupa. Huenda ni kweli. Mfupa huweza kukwama kwa kukingama kwenye kaakaa, katikati ya magego ya kulia na ya kushoto. Mbwa wa namna hiyo kwa kawaida huanza ghafla wakati akila, hujipapasa usoni kwa miguu ya mbele na kusugua mdomo ardhini.

Lakini kichaa cha mbwa nacho kina sura mbili. Moja ni ile inayojulikana na wote, ya mbwa mkali anayezurura na kuuma kila kitu. Ya pili ni ya kimya: misuli ya koo na taya hupooza, mdomo hulegea, sauti hubadilika na kukwaruza, mate hudondoka kwa sababu hayamezeki. Mbwa huyo hashambulii mtu. Anatia huruma. Mwenye mbwa mwema huingiza mkono kutafuta mfupa ambao haupo, na mate yenye virusi hupenya kwenye mchubuko wa kidole alichojikata jana kwa jembe. Mate hayo huwa na virusi hata siku chache kabla ya dalili kuonekana.

Hakuna mtu anayeweza kutofautisha hali hizi mbili kwa macho akawa na uhakika. Kwa hiyo mkono usiingie. Mbwa afungiwe ndani ya uzio au chumba bila kushikwa, watoto na mifugo waondolewe, na taarifa ipelekwe mara moja kwa Afisa Mifugo wa Kata, au kwa Mwenyekiti wa Mtaa na Ofisi ya Mtendaji wa Kata. Mbwa asiuawe kwa kupigwa kichwani. Pamoja na kwamba huenda ni mgonjwa wa jino tu, ubongo wake ndio unaopimwa maabara kuthibitisha ugonjwa, na ukishapondwa hautoi jibu. Akifa, asizikwe wala kuchomwa kabla Afisa Mifugo hajapewa taarifa. Mwenye mbwa awe tayari kueleza tarehe ya chanjo ya mwisho na kama katika miezi iliyopita mbwa huyo aliumwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini.

Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na katika kila vifo 100, takriban 99 hutokana na mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemewa. Kabla hazijaanza, kinga ipo.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, zikihesabiwa kwa saa, kisha aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo ili aanzishiwe chanjo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Asipake mafuta, pilipili wala dawa ya majani juu ya jeraha. Na aliyeingiza mkono kinywani mwa mbwa wa namna tuliyoieleza, hata kama hakuumwa, amweleze mhudumu wazi kwamba alifanya hivyo, na aonyeshe mikono yake: mate yaliyoingia kwenye mchubuko hutibiwa kama jeraha la meno.